HELMETI YA KUVAA, SI YA KUBEBA

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kilituomba tuandike makala za mafunzo. Wenzangu wamechagua ngeli, methali na utunzi wa mashairi. Mimi mashairi yananishinda, kwa hivyo nitaandika juu ya kitu unachokiona kila asubuhi ukija shule, kimening'inia kwenye kioo cha pikipiki ama kimekaa juu ya tangi la petroli kama nazi iliyoanguka hapo. Nazungumzia helmeti.

Nilipotaja kichwa cha makala haya chamani, waliniuliza, "Helmeti nayo ni Kiswahili?" Hebu tumalize jambo hili mapema. Wengine husema kofia ngumu. Wengine husema chapeo au chepeo, neno tulilolipata kutoka kwa Wareno, wale waliotia nanga Malindi mwaka wa 1498. Ni neno zuri. Lakini nenda leo steji ya Marafa umwambie mwendeshaji, "Nipatie chapeo," utamwona akitazama huku na huku kutafuta mtu wa jina hilo. Humu nitasema helmeti, na mwalimu atanisamehe.

Sababu ya kuandika ni hii. Binamu yetu, mwana wa shangazi, alikuwa akiendesha bodaboda kati ya Marafa na Garashi. Sisemi hakuwa na helmeti. Alikuwa nayo, na siku hiyo alikuwa ameivaa, kwa maana alisikia polisi wako njiani. Mbuzi akakatiza barabara, binamu akafunga breki, pikipiki ikalala kwenye kokoto. Haikuwa mbio. Hata abiria wake aliinuka akajipangusa vumbi. Helmeti ilikutwa kichakani, nzima, haina hata mkwaruzo. Kilichopiga jiwe ni kichwa. Ile helmeti ilikuwa pana kuliko yeye, na mkanda hakuufunga kwa sababu kifungo kilivunjika siku nyingi, basi ilimtoka kabla hajafika chini.

Alilala hospitalini wiki tano. Sasa yuko nyumbani, anakula, anatembea, anacheka. Lakini kijana ambaye alikuwa akihesabu nauli na chenji kichwani haraka kuliko sisi wa shuleni, leo mamake humhesabia. Mimi huniita kwa jina la dada yake mkubwa. Mwanzo nilikuwa nikimsahihisha. Siku hizi naitika tu.

Sasa kaka yangu mwenyewe, ambaye alimaliza kidato cha nne na hajapata kazi, akasema anataka kuingia kwenye boda. Baba alinyamaza. Mama akatoa sharti moja: hapandi mpaka awe na helmeti, na helmeti yenyewe iwe ya kweli. Halafu akanigeukia mimi. "Utaenda naye Malindi, wewe unayesoma fizikia. Asije akanunua rangi."

Mpenzi msomaji, nilikuwa sijui lolote. Nikaanza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo haya ninayokuletea.

Mambo ya helmeti yana historia yake. Mwezi wa Mei mwaka 1935, Mwingereza mmoja mashuhuri aliyeitwa T. E. Lawrence alianguka na pikipiki huko kwao Uingereza, akaumia kichwa, akafa baada ya siku 6. Miongoni mwa madaktari walioitwa alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, akaanza kuchunguza askari waliokuwa wakipeleka barua za jeshi kwa pikipiki, kwa sababu wengi walikuwa wakifa barabarani na si kwa risasi. Mwaka 1941 alichapisha aliyoyaona, na Novemba ya mwaka huohuo jeshi la Uingereza likaamuru kila askari wa pikipiki akiwa kazini avae helmeti. Tangu hapo watu wamehesabu sana. Mwaka 2008 wataalamu walizikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzipima pamoja, wakaona kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, sehemu ya 103B, inamtaka mwendeshaji avae helmeti na koti la kung'aa, na abebe abiria mmoja tu, si mishikaki.

Lakini hizo asilimia ni za helmeti iliyo kichwani wakati kichwa kinapogonga. Sentensi hiyo niliiandika mara mbili kwenye daftari langu.

Tuingie ndani ya helmeti tuone inavyofanya kazi. Ukiitazama utaona ganda la nje, la plastiki ngumu au la nyuzi za kioo. Watu wengi hudhani ganda ndilo linalookoa. Wakiligonga kwa kidole likalia "ko!" wanasema hii ni kali. Kazi ya ganda ni kuzuia kitu chenye ncha kisipenye, kuteleza juu ya lami, na kuusambaza mgongano usiwe mahali pamoja. Chini ya ganda kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalozunguka televisheni mpya ndani ya katoni. Hilo ndilo lenye kazi. Kichwa kinapogonga, povu hubonyea na kufa kwa ajili yako. Halirudi tena. Chini ya povu kuna bitana ya sponji laini, hiyo ni ya starehe na ya kufanya helmeti ikushike, na mwisho kuna mkanda.

Kwa nini povu kubonyea ni jambo kubwa? Nilifanya hesabu, na mwalimu wa fizikia akaniangalizia. Mtu akiwa amesimama, kichwa chake kikianguka kutoka mita 1.5 kitafika chini na kasi ya mita 5.4 hivi kwa sekunde. Kikigonga jiwe bila kitu, kinasimama katika umbali mdogo sana, tuseme milimita 3. Ubongo hapo unapata msukumo wa mara 500 ya uzito wake. Lakini kama kuna povu likabonyea milimita 25, kasi ni ileile, jiwe ni lilelile, msukumo unashuka hadi mara 60. Tofauti yote iko kwenye vile vidole viwili vya povu. Ndiyo maana kofia ya mjengo haifai pikipiki, na pia zile helmeti nyembamba kama bakuli ambazo ndani zina kitambaa peke yake. Hizo zimetengenezwa kwa ajili ya polisi, si kwa ajili ya jiwe.

Na tusidanganyane, helmeti si hirizi. Sisi tuliokulia chini ya minazi tunajua maana ya mgema kuanguka. Basi fikiria hivi: kugonga mti ukiwa na kasi ya kilomita 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mnazi wa mita 6. Kilomita 60 kwa saa ni mnazi wa mita 14. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya helmeti, ile nambari 22, kwa miaka mingi ilijaribu helmeti kwa kuiangusha juu ya chuma kwa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kama kilomita 27 kwa saa. Kwa hiyo hata iliyofaulu mtihani inataka mwendeshaji mwenye akili.

Turudi kwa kaka. Nilipomsomea haya yote alikubali kila kitu, halafu akasema, "Sawa, lakini joto je?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nikakumbuka kwamba sijawahi kukaa ndani ya helmeti saa saba mchana juani hapa Marafa. Wewe unaijua Nyari, pale bondeni ambapo wageni huja kupiga picha ule mchanga mwekundu na mweupe. Ukishuka saa sita utafahamu joto ninalolisema. Nikawauliza waendeshaji watano steji kwa nini helmeti zao ziko kwenye tangi. Hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba haogopi kuanguka. Mmoja alisema inamkaba paji la uso mpaka kichwa kinamuuma. Wa pili alisema inazunguka, akigeuza shingo yenyewe inabaki ikitazama mbele. Wa tatu alisema kioo kimekwaruzika, usiku haoni. Wa nne alisema jasho linamwingia machoni. Wa tano alisema, "Binti, nenda shule."

Ukiondoa huyo wa tano, wote walikuwa wakisema jambo moja: helmeti zao haziwatoshi. Nilikuwa nikidhani kuna helmeti ya kukinga na kuna helmeti ya starehe, na mwenye pesa kidogo achague moja. Sivyo. Inayokuumiza utaivua, na inayokupwaya itajivua yenyewe. Zote mbili siku ya siku hazipo.

Basi anza na kichwa chako kabla hujaanza na duka. Azima tepu ya fundi wa cherehani, uizungushe kichwani kupitia juu ya nyusi, kama sentimita 2 na nusu hivi, na nyuma pale kichwa kilipochomoza zaidi. Pima mara tatu uchukue kipimo kikubwa. Kwa kawaida sentimita 55 hadi 56 ni S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, na 61 hadi 62 ni XL, ingawa kila kiwanda kina mambo yake. Kaka alipata 59. Yeye alikuwa ameapa kwamba anavaa XL, ati kwa sababu ni mwanamume.

Jumamosi tukapanda matatu tukaenda Malindi. Tulipofika dukani, kaka akaenda moja kwa moja kwenye helmeti yenye picha ya tai na moto. Ilikuwa shilingi 900. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha duka, akatabasamu. Muuzaji naye akasema, "Imekukaa kama ulizaliwa nayo." Nikamwambia kaka afunge mkanda, nikasimama nyuma yake, nikaingiza vidole chini ya ukingo wa nyuma, nikasukuma juu na mbele. Jamani! Ilimvuka macho ikatoka yote na mkanda ukiwa umefungwa, karibu ianguke juu ya meza ya muuzaji. Kaka alikasirika nami, kwa kuwa kulikuwa na watu. Lakini jaribio hilo usiliache hata ukionewa haya. Helmeti ikitoka dukani kwa vidole vya msichana, barabarani itatoka.

Ya pili iliandikwa L na haikutoka. Nikamwambia akae nayo dakika kumi, tukakaa pale kwenye benchi muuzaji akiuza vitu vingine. Dakika ya sita kaka akaanza kuigusagusa mbele. Tulipoitoa, paji la uso lilikuwa na alama nyekundu kama sarafu. Hapo nikajifunza kwamba namba inaweza kuwa moja na umbo lisiwe moja. Kuna vichwa vya mviringo kama dafu na kuna virefu mbele na nyuma kama embe. Cha kaka ni embe. Helmeti ya mviringo itamkaba mbele na nyuma huku pembeni pakibaki wazi, na hata ungemletea XL ingepwaya kote na bado isingemkaa. Dawa ni kujaribu ya kiwanda kingine.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, haina picha yoyote. Ilipoingia ilivuta masikio kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sponji za mashavuni zilimbana akaonekana kama mtoto aliyeficha maandazi. Nilishika helmeti nikaizungusha kushoto na kulia, ngozi ya uso ikafuata pamoja nayo. Dakika kumi zikapita, hakuna alama. Mpya ikikubana sawasawa kote ni vizuri, maana sponji hulegea kwa matumizi. Ikiwa imekaa vizuri tangu dukani, baada ya miezi michache itakupwaya. Ila kama inakuumiza mahali pamoja, usiinunue kwa matumaini. Povu gumu halilegei.

Bei ya hiyo ya tatu ilikuwa shilingi 3,400. Sisi tulikuwa na 2,000, na nauli ya kurudi ikiwa ndani yake. Tulirudi mikono mitupu, hatukusemezana mpaka tulipoupita Mambrui. Sikuandika hivi ili nionewe huruma. Nimeandika kwa sababu makala nyingi husema "nunua iliyo bora" kama kwamba pesa huchumwa mtini. Kaka alifanya kibarua cha kupasua kuni na kubeba mchanga wiki tatu, ndipo tukaenda tena. Tuliporudi tulishukuru kwamba hatukununua ya tai kwanza, kwani tungekuwa na helmeti ya kubeba na hatuna pesa.

Siku hiyo ya pili ndipo nilipochunguza mengine. Mkanda ulikuwa wa pete mbili za chuma, unapitisha ndani ya zote mbili na kurudisha katikati. Unachukua muda mpaka mkono uzoee, lakini hauna plastiki ya kuvunjika kama ule wa binamu. Vile vya kubofya si vibaya vikiwa imara. Ufungwe mpaka vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Ukiweza kupitisha ngumi, hujaufunga, umeupamba.

Alama pia. Kwenye mkanda kulikuwa kumeshonwa kitambaa chenye herufi E ndani ya duara, na namba. Hiyo inaonyesha helmeti imepita ile kanuni namba 22, na namba ya karibu na E ni ya nchi iliyoidhinisha. E3 kwa mfano ni Italia, hao tunaowajua sana Malindi. Hapa nchini angalia pia alama ya KEBS. Hata hivyo stika ni karatasi, na karatasi huchapishwa popote, kwa hivyo usiache kufungua bitana kidogo utazame kama povu lipo kweli na lina unene. Huko Vietnam, sheria iliwalazimisha watu wote wa pikipiki kuvaa helmeti katika barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007. Watu walivaa, tena wengi ajabu. Lakini maduka yakajaa helmeti za bandia, za kuvaliwa ili mtu asitozwe faini. Mji wa Hanoi una joto na unyevu kama huku kwetu, na kiwanda kimoja hapo kilitengeneza helmeti nyepesi zenye matundu ya hewa kwa ajili ya nchi za joto. Kumbe joto si kisingizio cha waendeshaji wa Marafa peke yao, na lina tiba.

Hapo ndipo uamuzi mgumu unapokuja: ya uso mzima, au ya uso wazi? Ya uso mzima inakinga kidevu na taya, na wanaoangukia uso si haba. Pia inazuia vumbi letu hili jekundu na wadudu wa magharibi. Ya uso wazi inapitisha hewa zaidi na ni nyepesi. Maoni yangu ni kwamba anayekwenda mbali na mbio, kama kushuka mpaka Malindi, avae ya uso mzima yenye matundu mbele na juu. Lakini mtu akiniambia kwamba ya uso mzima ataivua saa tano asubuhi ikae kwenye tangi mpaka jioni, nitamwambia nunua ya uso wazi yenye povu zuri uivae kutwa. Mwalimu wangu wa fizikia hakubaliani nami. Kaka alichukua ya uso mzima ambayo kioo chake hufunguka, na bitana yake hutoka ikafuliwa. Hilo la bitana lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani. Kila Jumapili huifua kwa sabuni ya kawaida na kuianika kivulini, na ile harufu ya jasho haipo. Kioo kiwe cheupe. Cheusi kinapendeza mchana, lakini jua likizama hapa hakuna taa za barabarani.

Kaka alikuwa na hoja ya mwisho, kwamba helmeti humfanya mtu kiziwi na kipofu wa pembeni. Kipofu hapana, kwa sababu kanuni ileile hudai mwenye kuvaa aone nyuzi 105 kila upande, na mtu wa kawaida hana macho ya kuona zaidi ya hapo bila kugeuka. Kuhusu masikio, alikuja kuniambia mwenyewe baada ya wiki moja kwamba anamsikia abiria vizuri zaidi kioo kikiwa chini, maana upepo haumpigi masikioni.

Utunzaji sitauzungumzia sana. Usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, kile chuma hubonyeza povu kidogo kidogo kwa ndani. Usiiweke juu ya tangi, mvuke wa petroli hula povu na plastiki. Usiipake rangi wala tina. Ikishagonga mara moja na kichwa kikiwa ndani, imekwisha, hata kama kwa nje inang'aa, na ndiyo sababu ya mitumba usinunue, kwani hujui ilikotoka. Hata isipogonga, baada ya miaka 5 hivi tafuta nyingine.

Nimebakisha abiria, na hapa nazungumza kama abiria. Wageni wanaokuja kuona Nyari kwa boda huomba helmeti na hupewa. Sisi wa hapa tukiomba tunaulizwa kama tunaogopa. Wanawake wengi hukataa helmeti ya abiria kwa sababu imevaliwa na watu mia, ina jasho na mba za kila mtu, tena inaharibu nywele za msuko. Siwalaumu. Mimi hufunga kitambaa chembamba cha pamba kichwani kwanza, na mwendeshaji mwenye busara angeweka vichache vya kufuliwa kwenye mfuko wake. Kiwe chembamba lakini. Hawe, yaani nyanya yetu, alijaribu kuivaa juu ya leso aliyoifunga kilemba, ikakaa juu kama kifuniko cha chungu, akasema imemtosha.

Kaka amepata helmeti ya pili, ya abiria, namba 58. Kichwa changu ni 54. Nikipanda naye kuja shule siku za mvua nafunga mkanda mpaka mwisho, nageuza shingo, helmeti inabaki ikitazama mbele. Amesema tungoje korosho zikiuzwa. Juzi nilichukua tena ile tepu nikampima mama alipokuwa amekaa mkekani akishona makuti. Ni sentimita 57. Hakuniuliza kwa nini, alishikilia tu kichwa wima mpaka nikamaliza kuandika.